“Aache unga kwanza ndipo atibiwe ini”

Shikamoo mama,

Nakusoma kila wiki, na leo zamu yangu imefika. Naomba usitaje jina langu wala mtaa ninaokaa. Andika tu Mbagala, Mbagala ni kubwa.

Nina mdogo wangu wa kiume, ana miaka 31. Kwa mama tumezaliwa wawili tu. Unga alianzia kwenye ukonda wa daladala, kwanza kwa kuvuta, baadaye akaingia kwenye kujidunga. Tuliyoyapitia sitaki kuyaeleza yote. Televisheni iliuzwa, mabati ya banda la uani yaliuzwa, hata lile sufuria kubwa la shughuli ambalo mama alikuwa akiwaazima majirani. Miaka miwili iliyopita alikubali mwenyewe kwenda kuandikishwa methadoni, ile dawa ya kliniki inayoshika nafasi ya unga, pale Temeke. Tangu hapo kila asubuhi anakwenda, anakunywa dozi yake dirishani, anarudi. Akaanza kunenepa. Akapata kazi ya kuosha bodaboda pale stendi, jioni anarudi na biskuti za mwanangu.

Mwaka huu akaanza kukohoa. Kupimwa, TB. Ameanzishiwa dawa, sasa yuko mwezi wa nne, na kikohozi kimekwisha. Lakini mama, tangu aanze hizo dawa mambo yamerudi nyuma. Usiku halali. Jasho, mafua, miayo isiyokwisha, anasema mifupa inamvunjika. “Arosto imerudi, dada,” yaani yale mateso ya mwili kukosa unga. Saa tisa usiku namsikia anazunguka uani. Na kwa kuwa hanifichi kitu, ameniambia kwamba ameanza tena kupita maskani, kule wanakojidungia, si kila siku, mara moja moja. Mama yetu anasema ndiyo tabia yao, teja ni teja tu.

Huko maskani ndiko walikomkuta waelimishaji rika wanaotembea na vipimo. Wakamtoboa kidole, ikatoka mistari miwili. Homa ya ini C. Wakampa karatasi aende kufanyiwa kipimo kikubwa, na mimi nikamsindikiza. Kwenye kituo tulichokwenda, ambacho sikitaji, mhudumu alimwuliza, “Bado unatumia?” Akajibu ukweli: “Mara moja moja.” Yule mhudumu akaweka kalamu mezani. “Kaa miezi sita bila kugusa, ndipo urudi. Dawa hizi ni za mamilioni, hatuwezi kukupa halafu ukaenda kujidunga tena.” Hakupimwa chochote. Ndani ya daladala hakufungua mdomo mpaka Mtongani, na alipoufungua alisema tu, “Ningemdanganya ningepimwa.”

Nyumbani sasa mama amemtengea kikombe chekundu cha plastiki na sahani yake, anaviosha kwa Jik. Jirani ameleta mizizi ya kuchemsha, eti inasafisha ini, naye anainywa asubuhi na jioni. Mimi nina mtoto wa mwaka na nusu ambaye kwa mjomba wake haambiwi kitu. Halafu mdogo wangu ana mwenzake, wamekutana huko huko kwenye unga, ana mimba ya miezi mitano. Huyo hajapimwa kabisa.

Ni kweli lazima aache kwanza? Ini litamsubiri miezi sita? Na anaapa hajawahi kuchangia bomba la sindano na mtu, sasa ameupata wapi? Mtoto wangu nimwache aendelee kubebwa naye?

Dada mtu, Mbagala

*

Marahaba mwanangu.

Swali lako la kwanza jibu lake ni fupi: hapana. Mtu halazimiki kuacha unga ndipo atibiwe homa ya ini C. Hayo si maoni yangu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka wanaojidunga watibiwe kama mgonjwa mwingine yeyote, tena bila kucheleweshwa, kwa sababu kila mmoja wao anayepona hana tena cha kumwambukiza mwenzake.

Mlichoambiwa kilikuwa na sababu yake zamani. Kabla ya vidonge vya sasa, ini la C lilitibiwa kwa sindano za interferoni kila wiki, miezi sita hadi mwaka mzima, na dawa ilimtesa mgonjwa kuliko ugonjwa wenyewe: homa, nywele kupukutika, huzuni nzito mpaka wengine wakataka kujidhuru. Baada ya mateso yote hayo karibu nusu yao hawakupona. Madaktari wakaona mtu wa maskani hataweza, wakaweka masharti. Kuanzia 2013 vikaingia vidonge vinavyomshambulia kirusi mwenyewe. Vinavyotumika sana ni sofosbuviri pamoja na daklatasviri, au sofosbuviri pamoja na velpatasviri. Mgonjwa anameza mara moja kwa siku, kwa kawaida wiki 12, na zaidi ya watu 95 kati ya 100 wanapona. Nasema wanapona, yaani kirusi kinatoka mwilini, hakitulizwi tu kama VVU kwa ARV. Dawa zilibadilika, lakini masharti ya zamani yamebaki vichwani mwa baadhi ya watumishi wetu.

Na hoja kwamba mtumiaji hatameza dawa vizuri imeshapimwa. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanyika katika nchi kadhaa, ukawachukua watu 103 ambao wote walikuwa wamejidunga ndani ya miezi sita iliyotangulia, na wengi waliendelea kujidunga wakiwa kwenye matibabu. Waliopona ni 97.

Kuhusu mamilioni, yule mhudumu alikuwa na haki ya kuogopa bei ya mwaka 2013. Wakati huo, Marekani, kidonge kimoja cha sofosbuviri kiliuzwa dola 1,000, na matibabu ya wiki 12 yakafika dola 84,000. Tangu viwanda vya India na Misri vianze kutengeneza dawa ileile kwa jina lake la kitabibu, nchi za kipato kama chetu zimeweza kuagiza dozi nzima kwa kiasi cha dola 60. Sikwambii kwamba utaikuta kwa bei hiyo duka la dawa la mtaani, wala kwamba ipo kila kituo. Nakwambia tu kwamba hakuna tena bei ya kumnyimia mtu hata kipimo.

Hilo la kutompima ndilo lililoniudhi zaidi. Nimevaa sare ya unesi miaka mingi, na najua mtu anayesema ukweli mbele ya kalamu ya mhudumu ni mgonjwa wa thamani. Mwambie mdogo wako aendelee kuusema. Utaona hapa chini kwamba ukweli huohuo ndio utakaomtengenezea dozi yake.

Maana kuna jambo ulilitaja kwa kupita tu, nami likanifanya nirudie barua yako mara ya pili. Ulisema arosto imerudi tangu aanze dawa za TB. Mwanangu, hiyo inaweza isiwe tabia hata kidogo.

Katika vidonge vya TB kuna dawa iitwayo rifampisini, ndiyo ile inayofanya mkojo na machozi yawe rangi ya machungwa. Rifampisini inaliamsha ini livunjevunje dawa nyingine haraka kuliko kawaida, na methadoni ni mojawapo. Mtu anakunywa dozi ileile, dirisha lilelile, saa ileile, lakini kabla ya alfajiri imeshaisha mwilini. Jasho, mafua, miayo, maumivu ya mifupa, kuzunguka uani saa tisa usiku: umeniandikia orodha nzima ya dalili za methadoni isiyotosha. Na mtu akiwa na arosto usiku wa manane, maskani anapajua njia. Kumwona kwa macho sijamwona, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ndicho kinachomsumbua. Ila kliniki za methadoni wanalijua jambo hili, na dawa yake ni kuongeza dozi hatua kwa hatua mpaka arosto itulie. Pengine pale dirishani hawana habari kwamba ameanza TB, kama kadi zake ziko sehemu mbili tofauti, au wanajua lakini hajawaambia kuhusu usiku wake kwa kuona aibu.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya mambo ya ini, nenda naye Temeke. Beba kadi ya TB. Asiishie dirishani, aombe kumwona daktari au nesi wa kliniki, aseme hivi: “Natumia dawa za TB tangu mwezi fulani, arosto inanirudia usiku, na nimeanza kujidunga tena.” Sentensi hiyo ya mwisho asiifiche. Na muulizie pia, ninyi wawili, itakuwaje siku dawa za TB zikiisha. Rifampisini ikiondoka, baada ya wiki mbili tatu ini linarudi kwenye mwendo wake wa zamani, na ile dozi iliyoongezwa inaweza kuwa kubwa kupita kiasi. Akichanganya na unga juu yake, anaweza kulala asiamke. Dozi itabidi ipunguzwe polepole kipindi hicho, chini ya macho yao. Tafadhali asijipunguzie mwenyewe.

Na sasa turudi kwenye ini, kwa sababu rifampisini hiyohiyo inaingia tena hapa. Inavunja vidonge vya homa ya ini C vilevile inavyovunja methadoni, kiasi kwamba haviruhusiwi kutumika pamoja. Kwa hiyo mdogo wako atasubiri, ndiyo, lakini si miezi sita na si kwa sababu ya maskani. Kama yuko mwezi wa nne wa TB ya kawaida, amebakiwa na takriban miezi miwili ya vidonge, kisha wiki chache ambazo daktari atazihesabu ili rifampisini iishe mwilini. Asije mtu akamshauri aache dawa za TB ili awahi za ini. TB iliyoachwa katikati inaua upesi na hujenga usugu, na mwanao yumo humo ndani. Ini la C linakwenda kwa mwendo wa miaka, kwa wengi ni miaka 20 au zaidi kabla halijajaa makovu na kusinyaa. Miezi miwili litamsubiri, ili mradi asilichape na pombe.

Kusubiri huko kusiwe kwa kukaa bure. Kwanza hatujui kama anaumwa. Mistari miwili mliyoiona ni ya kingamwili. Kipimo hicho kinaona nyayo tu, hakimwoni mwizi, na mwizi huenda alishatoka. Karibu watu 30 kati ya 100 wanaopata kirusi hiki miili yao hukitoa yenyewe ndani ya miezi sita ya mwanzo, bila dawa yoyote, lakini kingamwili hubaki kwenye damu maisha yote. Ndiyo maana wale vijana walimpa karatasi ya kipimo kikubwa, yaani kipimo cha kirusi chenyewe kwenye damu. Wala si lazima iwe maabara ya maajabu: mashine ya GeneXpert, ambayo hospitali nyingi wanayo kwa ajili ya makohozi ya TB, inaweza pia kusoma kirusi cha C ikiwekewa katriji yake. Ombeni rufaa kupitia kliniki ya methadoni, msirudi mlikofukuzwa. Wakisema damu itapelekwa kwingine, mwulize lini majibu na nani wa kuyafuata, uandike.

Siku hiyohiyo ya kutoa damu ombeni mambo mengine. Kipimo cha homa ya ini B, maana kama anayo na haijulikani, vidonge vya C vinaweza kuiamsha ile B iliyolala. Kipimo cha VVU kama hajapima hivi karibuni. Na vipimo vya vimeng'enya vya ini pamoja na chembe sahani za damu. Daktari akichukua namba hizo na umri wake anapiga hesabu rahisi inayoonyesha kama makovu ya ini ni mengi au machache, na hesabu hiyo huamua kama dawa itakuwa ya wiki 12 au 24. Akiwa nayo mikononi mwezi TB inapoisha, hakuna wa kumwambia tena “nenda urudi”.

Dawa ikipatikana, kuna jambo la kuwaomba kliniki: kidonge chake kikae pale dirishani, akimeze pamoja na methadoni yake asubuhi. Si kwa sababu haaminiki. Methadoni na vidonge hivi havigombani, anakwenda pale kila siku hata hivyo, na kopo la dawa linalokaa maskani huibiwa au huuzwa na mwenye shida kuliko yeye. Kama anatumia dawa za kifafa, au zile za kupunguza asidi tumboni zinazouzwa kama njugu huko mtaani, azitaje pia, kwa kuwa baadhi yake hupunguza nguvu ya vidonge vya ini.

Mizizi ya jirani iachwe leo. Najua ameileta kwa upendo. Ila ini la mdogo wako kwa sasa linabeba vidonge vya TB, ambavyo vyenyewe vinaweza kuliumiza, na huenda linabeba na kirusi. Kitu kisichojulikana kipimo chake, kinachonywewa mara mbili kwa siku, kinaweza kulimaliza. Ukiona macho yake yanakuwa ya manjano, mkojo unakuwa mweusi kuliko ule wa machungwa aliouzoea, anatapika na hataki chakula, usingoje kliniki ya kesho. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo pamoja na vidonge vyake vyote, na hiyo mizizi pia waione.

Anaapa hajachangia bomba, nami namwamini. Mwulize kuhusu kijiko. Mwulize ile pamba ya kuchujia ilikuwa ya nani, na maji yalichotwa kwenye kikopo gani. Kirusi cha C ni kigumu kuliko cha UKIMWI, kinakaa kwenye tone la damu usiloweza kuliona, na maabara walishakikuta kingali hai ndani ya bomba siku 63 baada ya kuingizwa. Kusuuza kwa maji hakukiondoi. Watu wawili wenye mabomba mapya kila mmoja, wakichota kwenye kijiko kimoja ambacho bomba la mmoja lilishatumika, wanaweza kuambukizana wakiamini hawajachangia chochote. Kwa hizo siku ambazo bado anapita maskani, kila kitu kiwe chake peke yake na kiwe kipya: bomba, kijiko, pamba, maji. Wale waelimishaji rika waliompima ndio wa kuwauliza vinapatikana wapi. Na bado inawezekana hakuupatia huko. Chale, wembe wa kinyozi, sindano ya mtaani iliyotumika mara mbili, vyote vimo.

Hapo ndipo pa kuanzia na mama yako. Mweleze habari ya Misri. Kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1980 serikali ya kule iliwadunga wanavijiji sindano za kutibu kichocho, na mabomba ya kioo yaliyokuwa hayachemshwi vizuri yakahamisha kirusi hiki kutoka kwa mkulima hadi kwa mkulima. Misri ikawa nchi yenye homa ya ini C kuliko karibu nchi zote duniani, na wagonjwa wake wengi walikuwa wazee wa shambani ambao unga wa kulevya hawaujui hata rangi. Mwaka 2018 waliamka wakaanza kupima nchi nzima, karibu watu wazima milioni 50 katika miezi saba, na waliokutwa na kirusi wakapewa dawa bure. Mwambie mama kwamba wazee hao hawakustahili kutengewa vikombe. Nadhani kitakachomwingia ni hicho, kwa sababu kinachomsumbua mama yako si kirusi. Ni lile sufuria la shughuli.

Kirusi cha C hakipiti kwenye kikombe, sahani, kijiko cha wali, jasho, kikohozi, kitanda wala choo. Mjomba ambebe mwanao, ambusu, wale sahani moja. Hiyo TB ndiyo ingekuwa ya kuogopa, na kwa mtu aliyemeza dawa miezi minne bila kuruka kwa kawaida haambukizi tena. Ila kama mtoto hakuchunguzwa TB wakati mjomba anakohoa, mpeleke achunguzwe, usisubiri. Kwa upande wa ini, kinachotengwa ni vitu vinavyogusa damu: wembe, mashine ya kunyolea, mswaki, kikatio cha kucha. Akijikata na damu ikamwagika sakafuni, vaa glavu, futa, na hapo ndipo Jik ya mama ina kazi. Chanjo ya homa ya ini C haipo. Ile aliyochomwa mwanao akiwa na wiki 6, 10 na 14 ndani ya chanjo ya magonjwa matano inamkinga na B. Ninyi wakubwa mkapime B, na asiye nayo achanje.

Umemtaja yule mwenzake kwa mstari mmoja, na ndiye ninayemhofia kuliko wote. Mara nyingi mwanamke anayejidunga ndiye anayelipokea bomba wa pili, baada ya mwanamume wake kulitumia. Usimwambie aache ghafla: arosto kali inaweza kumtoa mimba au kumletea uchungu kabla ya wakati. Mwende naye Temeke siku hiyo hiyo, aseme ni mjamzito. Wajawazito wanaanzishiwa methadoni na ni salama zaidi kwa mtoto kuliko unga wa kupanda na kushuka. Kliniki ya wajawazito watampima VVU na kaswende kwa utaratibu wao, lakini homa ya ini C aiombe kwa jina. Akikutwa nayo asikate tamaa: kwa kila wajawazito 100 wenye kirusi, ni watoto 5 au 6 tu wanaokipata, na atanyonyesha kama kawaida isipokuwa chuchu zikichanika na kutoa damu. Vidonge vya C kwa kawaida husubiri mpaka amalize uzazi. Hapo wawili hawa wangefaa kutibiwa kwa kufuatana karibu, kwa sababu kupona hakumpi mtu kinga. Anayerudi kwenye kijiko kilekile anaweza kuupata upya. Ikitokea hivyo, anatibiwa tena, na yeyote atakayemwambia “ulishapoteza nafasi yako” mniandikie.

Jambo la mwisho, la baadaye kidogo. Akimaliza dawa, hesabu wiki 12, kisha apimwe kirusi mara nyingine. Kisipoonekana, amepona. Karatasi ya majibu hayo toa nakala, moja akae nayo yeye, moja uiweke wewe pamoja na vyeti vya nyumbani. Kingamwili hazitaondoka, kwa hiyo siku yoyote akipimwa kwa kutobolewa kidole, iwe kazini au kliniki nyingine, mistari miwili itatokea tena, na asiye na karatasi ataanza upya kuitwa mgonjwa. Kuchangia damu hataruhusiwa, hilo aliache. Mengine yote ni yake.